Mchujo Wote Uhamie Dixville Notch

Kwa Waheshimiwa Wajumbe,
Kamati ya Kanuni, Chama cha Democratic,
Marekani.

Hofu ni kwenu mlio mbali, hasa mkianza tena kutafuta jimbo litakalofungua mchujo wa wagombea urais mwaka 2028. Poleni. Mara ya mwisho kazi hiyo iliwatoa jasho.

Februari 2023 chama kilipitisha kwamba South Carolina itangulie, tarehe 3 Februari 2024. Hoja ilikuwa nzito: Wamarekani Weusi, nguzo ya chama, wamechoka kukaa nyuma ya Iowa na New Hampshire, ambako karibu kila mpiga kura ni Mzungu. Kwamba South Carolina ndiyo iliyomwinua Joe Biden mwaka 2020 alipokuwa hoi, na kwamba ratiba hii ilipendekezwa na Biden huyohuyo, ni sadfa tu. Mimi si mtu wa kusema watu.

New Hampshire wakagoma. Wana sheria inayomtaka Katibu wa Jimbo apange mchujo wao angalau siku 7 kabla ya mwingine wowote wa namna hiyo. (Jimbo la pili likitunga sheria kama hii, mchujo wa 2028 utakuwa umeshafanyika juzi.) Ninyi mkawaandikia kwamba uchaguzi wao hauna maana, mwanasheria mkuu wa jimbo akawaandikia mkome. Tarehe 23 Januari wakapiga kura, jina la Biden halimo kwenye karatasi, wafuasi wake wakaliandika kwa mkono, akashinda. Rais aliwakimbia, wao wakamfukuzia na kalamu.

Kisha Julai 21 Biden akajitoa. Mgombea mpya, Kamala Harris, akapatikana kwa wajumbe kupiga kura kwa mtandao, shughuli ikaisha Agosti 5. Harris hakugombea mchujo wa 2024 katika jimbo hata moja, na safari ya kabla ya hapo alijiondoa Desemba 2019, Iowa haijapiga kura. Hivyo mama wa watu alifika kileleni bila kusubiri matokeo ya mchujo hata siku moja. South Carolina iliyotangulia na New Hampshire iliyogoma zikatoka sare.

Sherehe ya kumpokea mgombea mkaifanyia Chicago. Ni mji uleule ambako mwaka 1968 Hubert Humphrey alipitishwa kuwa mgombea urais bila kuingia kwenye mchujo wowote, polisi wakawatandika waandamanaji virungu, na chama kikaunda tume ya kuandika kanuni mpya ili wapiga kura wasikilizwe. Safari hii mliangusha maputo. Hayo nayo ni maendeleo.

Najua mezani kwenu yapo mapendekezo ya kistaarabu. Makatibu wa majimbo waliwahi kushauri nchi igawanywe kanda 4, zipokezane kuanza kwa zamu, na hata wao wakaogopa kuzigusa Iowa na New Hampshire. Maoni yangu ya kweli ni kwamba zamu ya kuanza si neno. Andikeni kifungu kimoja: mgombea akitoka baada ya mchujo kwisha, wapiga kura wanarudi lini vituoni? Lakini kifungu hicho kitawanyima usingizi, kwa hiyo napendekeza rahisi zaidi.

Mchujo wote ufanyike Dixville Notch. Ni kijiji cha kaskazini mwa New Hampshire, karibu na mpaka wa Kanada, ambacho tangu 1960 hupiga kura saa sita usiku. Mwaka 2024 wapiga kura walikuwa 6. New Hampshire watabaki wa kwanza, sheria yao haitaguswa, na matokeo yatatoka kabla chai haijapoa. Mnakumbuka Iowa 2020, programu ya kuhesabia ilipokwama na taifa likakesha bila mshindi? Kura 6 zinahesabika kwa vidole, na bado vinabaki vya kushikia kikombe.

Ipo dosari moja. Mwaka ule wote 6 walimpa Nikki Haley wa Republican. Yakitokea tena msihangaike, maana barua ya kusema uchaguzi hauna maana mnayo tayari. Badilisheni tarehe tu.

Wasalaam,
Mtazamaji wa mbali.

Nakala: Katibu wa Jimbo, New Hampshire. Kwa taarifa tu. Najua hatakubali kuwa wa pili hata kuisoma.