Bitcoin Yako Inalala Wapi? Pochi Nane, Kutoka Mbovu Hadi Bora

Juni 2021 Rais Samia Suluhu Hassan alisimama hapa hapa Mwanza, kwenye ufunguzi wa jengo jipya la tawi la Benki Kuu, akawaambia wataalamu wa benki hiyo waanze kujiandaa kwa sarafu za kidijitali. Novemba 2019 benki hiyo hiyo ilikuwa imetangaza kwamba fedha halali Tanzania ni shilingi, na kwamba biashara ya sarafu hizo inakwenda kinyume na kanuni za fedha za kigeni. Kisha Sheria ya Fedha ya mwaka 2024 ikaleta kodi ya zuio ya asilimia 3 kwenye uhamishaji wa mali za kidijitali. Mtoza kodi ameshaziona. Mwizi aliziona zamani.

Kununua au kuacha, hayo yamalizeni nyumbani kwenu. Mimi nina wasiwasi na waliokwisha kununua, maana wengi wamezilaza pabaya. Tuhesabu, tukianza na pabaya kabisa.

8. Kwa "mwalimu" wa kundi la WhatsApp

Anakuita bosi, anakurushia picha za magari, anataka umtumie hela "akutunzie" zizae. Pochi ipo kweli, ila ni ya kwake. Waliopanda mbegu kwenye upatu wa DECI mpaka serikali ilipoufunga mwaka 2009 wanaujua msimu huu: mbegu ni yako, mavuno ni ya mwingine.

7. Kwenye galari ya simu

Umepewa maneno 12 ya kurejeshea pochi, ukayapiga picha haraka haraka. Sasa yamekaa kati ya picha za harusi ya Sengerema na ile ya sangara uliyembeba kifuani. Simu nyingi hupandisha picha zote kwenye hifadhi ya mtandaoni, nawe umeshasahau kwamba uliruhusu. Februari 2025 kampuni ya Kaspersky ilieleza kuhusu kirusi ilichokiita SparkCat, kilichokutwa ndani ya programu zilizokuwa kwenye maduka rasmi ya Google na Apple. Kazi yake ni kusoma maandishi yaliyomo kwenye picha, kikitafuta maneno hayo hayo. Kinaipekua galari yako kuliko wivu wa mchumba.

6. Kichwani

"Nitakumbuka tu." Stefan Thomas, mtaalamu wa kompyuta wa San Francisco, ana bitcoin 7,002 ambazo funguo zake zimefungiwa kwenye flashi inayoruhusu kubahatisha nywila mara 10. Karatasi ya nywila ilipotea, naye akawa ameshabahatisha mara 8. Huyo ni mtaalamu! Wewe namba ya mita ya LUKU bado unaisoma kwenye karatasi.

5. Kwenye soko la mtandaoni

Hapa ndipo wamelala wengi, kwa hiyo tukae kidogo.

Ukinunua kwenye soko kubwa la kubadilishia, salio linaonekana kwenye skrini na moyo unatulia. Lakini funguo wanazo wao. Wewe umeshika ahadi. Mt. Gox ya Tokyo ilianguka Februari 2014 ikitangaza kupotelewa na bitcoin zipatazo 850,000, na wateja wakasubiri miaka kumi, hadi Julai 2024, ndipo malipo yao yalipoanza kutoka. FTX ilifilisika Novemba 2022. Mwanzilishi wake, Sam Bankman-Fried, alihukumiwa kifungo cha miaka 25. Februari 2025 wezi walichota Bybit sarafu za ether zenye thamani ya karibu dola bilioni 1.5. Bybit ilibeba hasara hiyo yenyewe, na sifa hiyo tuipe. Ila usiku ule hakuna mteja aliyejua kama itaweza.

Mlango wa pili wa mwizi ni laini yako. Akifanikiwa kuihamishia kwake, namba za uthibitisho zinaingia kwenye simu yake na akaunti inafuata. Piga *106# uone laini zote zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako cha NIDA. Ukikuta usiyoijua, usingoje kesho. Kwenye soko, achana na uthibitisho wa SMS, tumia programu ya uthibitisho.

Soko ni la kununulia. Kwenye soko la Mwaloni Kirumba hakuna anayemlipa mwenye dagaa halafu akamwachia magunia mpaka mwakani.

4. Programu ya simu ambayo maneno yake unayo wewe

Sasa tumeanza kuongea. BlueWallet, Trust Wallet, Electrum: hizi zinakupa funguo zako mwenyewe. Weka humo hela ya matumizi tu. Mvuvi wa dagaa anajua hela ya siku za giza inabidi ivushe familia siku za mbalamwezi. Kiasi hicho kinakaa hapa vizuri. Cha kujengea nyumba, hapana.

Kagua anwani kabla ya kutuma, mwanzo wake na mwisho wake. Sarafu ya USDT ya mtandao wa Tron inakwenda kwenye anwani inayoanza na T. Ya Ethereum, 0x. Ukikosea M-Pesa unapiga huduma kwa wateja, unabembeleza, pengine inarudi. Huku hakuna wa kumbembeleza.

Na ule ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii" una mdogo wake: "huduma kwa wateja" anayekuomba maneno yako 12 ili "akurekebishie pochi". Hakuna mtu mwema anayeyahitaji. Akikutumia SMS, ipeleke namba yake 15040, TCRA waishughulikie.

3. Simu ya zamani isiyo na laini

Ile Tecno yenye kioo kilichopasuka? Ifute yote, weka pochi, izime, ifungie kabatini. Ni nzuri, mradi watoto wasiigeuze ya gemu.

2. Kifaa maalumu

Trezor ya Prague ilitoa cha kwanza mwaka 2014. Ledger ya Ufaransa nayo ni maarufu. Ufunguo unabaki ndani ya kifaa, muamala unatiwa sahihi humo humo, na kompyuta yenye virusi inaambulia patupu. Bei inaanzia makumi ya dola, kwa hiyo mwenye akiba ya shilingi elfu thelathini abaki namba 4.

Agiza kwa mtengenezaji. Boksi likija na maneno yaliyokwishaandikwa, aliyeyaandika anangoja uweke hela. Mwaka 2020 majina na anwani za wateja wengi wa Ledger zilivuja, na mwaka uliofuata baadhi yao wakatumiwa vifaa bandia kwa posta. Anwani zikivuja hivyo, sanduku letu la posta ni ngao: S.L.P. haimfikishi mtu mlangoni kwako.

1. Maneno yenyewe, kwenye chuma, mahali pawili

Bingwa wetu hana betri wala kioo. Simu ikizama ziwani au kifaa kikiungua, maneno hayo, kwa mpangilio wake, yanairudisha pochi nzima. Yanatoka kwenye orodha ya maneno 2,048, na herufi nne za mwanzo zinatosha kulitambua kila neno. Karatasi inaliwa na mchwa na kulowa bati linapovuja. Tafuta kipande cha chuma kisichoshika kutu, fundi akukatie. Herufi gonga mwenyewe, mlango umefungwa. Nakala moja iwe nyumbani, ya pili kwa mtu ambaye ungemwachia hati ya kiwanja, hata kama yuko Ukerewe. Kabla ya kuweka kikubwa, weka kidogo, futa pochi, irejeshe kwa maneno. Ikirudi, lala.

Na jioni hii mwambie mwenzako kwamba pochi ipo na chuma kiko wapi. Mahakama ya Mwanzo inaweza kumteua msimamizi wa mirathi. Pochi isiyo na maneno haiwezi kuifungua.