Mpwa, Baiskeli na Sheria ya Chapati

Kwetu Korogwe mtu hapiti mlangoni pa ndugu yake na njaa. Hata awe na haraka ya kuwahi basi, atasimamishwa, atapewa chai, na akikataa ataulizwa amekasirikia nini. Ndiyo maana nasema wazi, bila kumung'unya maneno, kwamba mpwa wangu katudhalilisha.

Mpwa huyu, mtoto wa dada yangu, anasoma hapa Ubelgiji. Mwaka 2023 alijiandikisha Transcontinental, mashindano ya baiskeli ya kuvuka Ulaya. Si yale ya kwenye televisheni, ambayo nyuma ya waendeshaji kuna magari yenye mafundi, daktari na watu wa kugawa chupa za maji. Haya aliyaanzisha Mwingereza Mike Hall mwaka 2013, kutoka London hadi Istanbul, na msingi wake ni kwamba kila mtu apambane na hali yake. Njia unajichagulia, mradi upite kwenye vituo vichache vilivyopangwa. Saa ikianza kuhesabu haisimami, na ukilala inahesabu umelala. Mwaka huo walikuwa wanatoka mji wa Geraardsbergen, hapa Ubelgiji, kwenda Thessaloniki, Ugiriki, karibu kilomita 4,000. Niliuliza mshindi anapewa shilingi ngapi. Hapewi kitu.

Yote hayo ningeyameza. Miguu ni yake. Kilichonikwama kooni ni kanuni ya msaada. Chakula, maji na vifaa unanunua panapouziwa kila mtu: dukani, mgahawani, kituo cha mafuta. Ndugu haruhusiwi kukuletea kitu njiani, rafiki haruhusiwi kukulaza kwake. Hata kumfuata mwenzako kwa karibu ili akukingie upepo ni kosa.

"Kwa hiyo nikikukuta barabarani na chapati nifanyeje?" nilimuuliza.

"Nipungie mkono, mjomba."

Wiki ya safari alikuja kwetu Brussels kufunga mizigo. Baiskeli yenyewe bei yake ni ya pikipiki, lakini haina karia, haina kengele, haina madigadi, wala haina stendi. Ukitaka kuiacha unaiegemeza ukutani na kuiombea. Mizigo yote inaingia kwenye vifuko: kimoja usukanini, kimoja katikati ya fremu, kingine nyuma ya siti. Alivitandaza vitu vyake sebuleni. Tyubu, viraka, pampu ndogo kuliko kalamu ya risasi, taa, pawabenki, koti la mvua, mfuko wa kulalia unaokunjika ukaingia kiganjani. Mswaki alikuwa ameukata mpini ili kupunguza uzito. Mswaki, jamani!

Kulikuwa pia na kikopo cha mafuta mazito. Mke wangu alikifungua, akanusa, akasifia harufu, akajipaka mikononi hadi kwenye viwiko. Kijana akainamisha kichwa.

"Anti, hayo ni ya makalio. Yanazuia kuchubuka na siti."

Mke wangu alikwenda kunawa bila kusema neno.

Jumapili ya kuondoka tulimsindikiza. Geraardsbergen ni mji mdogo wenye madai makubwa. Una sanamu ya mtoto anayekojoa, na wenyeji wanashikilia kwamba ni ya zamani kuliko ile maarufu ya Brussels. Una kitobosha chake cha maziwa ya mgando, mattentaart, ambacho nilikila ili nisile chapati za watu. Na una Muur, kilima cha barabara ya mawe chenye kanisa dogo kileleni, ambacho mahali pengine mwinuko wake unafika asilimia 20. Mwenye akili timamu akikiona kilima cha namna hiyo hukizunguka. Hawa wa mashindano walikiweka mwanzoni kabisa, tena usiku, na watu walijipanga pembeni na mienge ya moto wakishangilia.

Mke wangu alikuwa na hotpoti nzima ya chapati. Kijana alikula nne pale pale kwenye uwanja wa mji, akakunja mbili akazitia mfuko wa mgongoni, akasema basi, nyingine ni uzito. Mke wangu akamwambia asijali, hizo zilizobaki tutamfuata nazo na gari asubuhi. Ndipo akasomewa sheria upya, mbele ya watu. Chapati ile ile, ya unga ule ule, saa tatu na dakika hamsini na tisa usiku ilikuwa halali. Saa nne kamili ikawa haramu.

Walipanda, mienge ikazimwa, tukarudi nyumbani na hotpoti yetu.

Hapo ndipo siku yetu ya kwanza ilipoanza, kwa sababu kila mshindani amefungiwa kifaa kinachotuma mahali alipo kwa satelaiti, na dunia nzima inamwona kwenye ramani akiwa nukta yenye namba. Kwenye kundi letu la WhatsApp la ukoo kiungo cha ramani hiyo kilikuwa kimeshafika kabla sijavua viatu. Watu ambao harusi yangu hawakuchangia walikuwa macho usiku wa manane, wanachambua mwendo. Binamu yangu mmoja wa Muheza, ambaye hajapanda baiskeli tangu aoe, aliandika kwamba kijana anakosea kwenye gia.

Saa nane na nusu usiku nukta ilisimama Dinant. Dinant ni mji alikozaliwa Adolphe Sax, aliyebuni saksafoni, na siku nyingine ningeusifia. Lakini umebanwa kati ya majabali na mto Meuse, na nukta yetu ilisimama upande wa mto. Simu ikalia. Ni dada yangu, mama wa kijana, na kwao nyumbani ilikuwa saa tisa na nusu.

"Shikamoo dada."

"Mbona mtoto hasogei?"

"Labda anapumzika, dada."

"Anapumzika ndani ya maji? Wewe si mjomba wake? Umemwachaje aondoke usiku na chapati mbili?"

Sikuwa na jibu. Sikumwambia pia kwamba Mike Hall mwenyewe aligongwa na gari akafariki mwaka 2017, akiwa kwenye mashindano ya aina hii huko Australia. Kuna habari za kumpa mama saa tisa usiku, na hiyo haimo. Mke wangu, aliyekuwa ameamka kwa kelele, alijaribu kusaidia: akasoma kwa sauti kwamba mwaka 2019 aliyewashinda wanaume wote alikuwa msichana wa Kijerumani, Fiona Kolbinger. Dada akanyamaza kidogo.

"Na mama yake alimruhusuje?"

Nukta ilisogea baada ya dakika ishirini. Kijana alikuwa ananunua mkate kwenye mashine. Huku Ubelgiji kuna mashine za mkate kando ya barabara: unatia sarafu, kijidirisha kinafunguka, unatoa mkate mzima. Nchi ya watu waungwana, ila mashine haikuulizi mama hajambo.

Asubuhi kulitokea kubwa zaidi. Arlon, karibu na mpaka wa Luxembourg, anaishi mzee wetu mmoja, Mtanzania, ambaye naye alikuwa akiifuata nukta tangu usiku. Alipoona inaelekea mtaani kwake alivaa kanzu, akatoka na chupa ya chai ya tangawizi na sahani ya vitumbua, akasimama kando ya barabara. Mpwa wangu alipunguza mwendo, akaweka mkono kifuani, akasema, "Shikamoo mzee, asante sana, siruhusiwi," akaendelea zake. Mzee alinipigia kabla vitumbua havijapoa.

"Mpwa wako kanipita hivi hivi. Tumewakosea nini?"

Nilimweleza kanuni. Akasema katika miaka yake yote hajawahi kuona sheria inayomkataza mtu vitumbua, na kwamba nyumbani angeitwa kwenye kikao. Nilimwomba radhi kwa niaba ya ukoo.

Mchana kijana mwenyewe akapiga, yuko kituo cha mafuta upande wa Ufaransa.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Umekula?"

"Nimekula."

"Nini?"

"Soseji ya baridi, biskuti na kola."

"Na vitumbua vya mzee umeviacha."

"Soseji nimeinunua, mjomba. Mtu yeyote anaweza kuinunua. Vitumbua vilikuwa vyangu peke yangu."

Mke wangu, aliyekuwa anasikiliza, alipata wazo papo hapo. Kama tatizo ni biashara, basi twende na meza, tuandike bei, tumuuzie kila anayepita. Naye atanunua kama wateja wengine. Ni wazo la kisheria kabisa, na bado sijaona pa kulipinga, isipokuwa kwamba kibali cha kuuza chapati kando ya barabara ya Ufaransa kingetoka kijana akiwa ameshafika Ugiriki, amehitimu na ameoa.

Ilipotimia saa nne usiku, siku nzima tangu Muur, nukta ilikuwa chini ya milima ya Vosges, imesimama tena. Safari hii alituma picha: yumo ndani ya mfuko wake, kwenye baraza la kanisa la kijiji, viatu amevifanya mto. Mbele huko Mwaustria Christoph Strasser, ambaye baadaye alishinda kwa siku zisizofika tisa, alikuwa keshapotelea mbali. Wetu alikuwa amekwenda kilomita 350 hivi. Zilibaki zaidi ya 3,500, na dada alikuwa ameshaniambia kwamba hatalala hadi ziishe, na mimi pia nisilale.

Kwa hiyo vijana, ombi langu ni dogo. Mkitaka kuvuka bara kwa baiskeli, vukeni, na Mungu awatangulie. Lakini kabla ya kulipa kiingilio, wapigieni simu mama zenu muwaeleze kanuni ya chapati nyie wenyewe. Msituachie wajomba.