Jinsi ya Kujichorea Nembo ya Ukoo

Ulaya walianza kuchora nembo kwenye ngao karne ya 12, wakati mpiganaji aliyejifunika chuma hadi usoni hatambuliki. Sisi wa Ujiji tunatambuana kwa sauti na kwa madeni. Lakini ukoo usio na nembo utamringia nani? Fuata hatua hizi.

1. Mnyama. Simba waachie watu wa mpira. Weka mgebuka, samaki wa kwetu: ana ziwa lenye kina cha mita 1,470 la kujifichia, na bado anaishia kikaangoni. Kwa unyenyekevu, nani atamshinda?

2. Rangi. Ya mawese, hakuna nyingine. Ikidondokea shati jeupe haitoki, kama sifa ya ukoo wako. Mkwe akiuliza sifa ipi, mwongezee chai.

3. Chombo. Chora meli ya Liemba. Wajerumani waliiunda Papenburg mwaka 1913, ikaletwa Kigoma vipande vipande, na mwaka 1916 wakaizamisha wenyewe ili adui asiipate. Ndivyo babu alivyouza shamba la michikichi ili watoto wa mke mdogo wasilirithi. Tofauti ni kwamba Liemba iliopolewa mwaka 1924 na mwaka 1927 ikarudi kazini. Shamba hatujaliopoa.

4. Washika ngao. Nembo ya Taifa ina bwana na bibi, bwana karafuu miguuni, bibi pamba. Ya kwako iwe na shangazi zako wawili. Kama hawasemeshani tangu arobaini ya babu, wageuziane migongo: mmoja atazame Kongo, mwingine Kasulu.

5. Kaulimbiu. Andika MWISHO WA RELI. Mgeni atadhani ni tusi. Mwenyeji anajua ni majigambo, maana treni kutoka Dar es Salaam ikishafika kwetu haina pengine pa kutamani.

6. Uchoraji. Nenda mwaloni Kibirizi kwa fundi anayeandika majina ya maboti. Angalizo: hutoza kwa herufi. Sisi tulipochangishana, shangazi wa kwanza aligoma kutoa mpaka wa pili atoe, na wa pili akamsubiri wa kwanza. Fedha zikatosha neno moja.

Leo boti letu la abiria lina mgebuka wa kupendeza, mashangazi wawili waliogeuziana migongo, na chini yao, kwa herufi kubwa za rangi ya mawese: MWISHO.

Abiria wanaisifu sana nembo yetu. Wakimaliza kusifu, wanapanda boti la jirani.