Shajara ya Ubao wa Tezi

Jumatatu

Mvua ya usiku imejaza boti maji. Boti imelazwa juu ya magogo chini ya mkungu, hapa Kunduchi, na tundu lake la kutolea maji limezibwa na majani ya mkungu huohuo. Nimeyachokoa kwa kijiti, maji yakatoka meusi, yananuka. Nikamwambia fundi ni majani yaliyovunda. Mzee huyo akainama, akanusa, akasema, “Hii harufu ya mbao.” Akashika bolti ya chini ya mashine kwa vidole, bila spana, akaizungusha. Ikazunguka.

Tumeteremsha mashine. Ni ya farasi 40, kilo 70 na ushei, na imelalia upande mchangani. Petroli iliyobaki kwenye kabureta ikatiririka hadi kwenye gunia la mkaa la mama lishe anayepika karibu yetu. Gunia tumelitenga mbali na jiko na nimemnunulia jingine.

Boti ina umri wa zaidi ya miaka thelathini. Ganda lake la faiba ni zima, halina ufa. Naipenda, na wavuvi wanaoitegemea wanaipenda. Nataka irudi majini kabla ya masika.

Jumanne

Leo ni siku ya kugonga. Fundi amepita juu ya ubao wa tezi, ule wa nyuma unaobeba mashine, na nyundo ndogo, kidogo kidogo, kutoka juu kwenda chini. Penye ubao mzima nyundo hudunda na mlio wake ni mkavu. Penye ubao uliooza sauti inakufa. Kila iliposikika sauti mfu nimetia alama ya chaki. Adhuhuri manyunyu yakapita, chaki ikafutika yote. Tumegonga upya na kutumia kalamu ya wino.

Baada ya hapo keekee ya milimita 5, kutoka ndani, bila kutoboa ganda la nje. Juu unga wa mbao ulitoka mweupe na mkavu. Chini karibu na tundu la maji ulitoka kama machicha ya kahawa. Tundu moja limeendelea kutoa maji hadi tunafunga kazi. Kijana wa fundi aliweka kikombe chini yake, akakimwaga, akakirudisha.

Mbao huozeshwa na kuvu. Kuvu hutaka hewa, joto na unyevu; mbao ikikaa chini ya asilimia 20 ya unyevu, kuvu haifanyi kazi. Joto la Dar es Salaam hatuwezi kulizuia, na hewa ipo kila mahali. Kilichobaki mikononi mwetu ni maji. Na maji yanayoozesha zaidi ni yale ya mvua, maana chumvi ya bahari huikwaza kuvu. Boti inayofanya kazi kila siku huoshwa kwa chumvi. Boti iliyopaki chini ya mti hukusanya mvua.

Jumatano

Grainda imewashwa saa tatu asubuhi, umeme ukakatika saa tatu na dakika chache. Tumekodi jenereta. Jenereta ilipokubali, kaskazi ikageuka kidogo na kupeleka vumbi lote la faiba kwa mama lishe. Alifunika masufuria, akaja mwenyewe akiwa amefunga kanga puani. “Mzee, shikamoo yako naitoa, lakini kitu hiki kinawasha na wateja wangu wanakula.”

Ana haki. Vumbi la faiba ni chembe za kioo. Likiingia kwenye ngozi linawasha hadi usiku, na likiingia kifuani halina faida yoyote. Tumepatana: kukata kutafanyika alfajiri kabla hajawasha jiko, huku tumezungushia turubai lililoloweshwa. Sisi tutavaa mikono mirefu, miwani na barakoa. Kuoga ni kwa maji ya baridi.

Alhamisi

Alfajiri tumekata ngozi ya ndani ya tezi na kuibandua kwa patasi. Ya nje tumeiacha nzima, kwa sababu ndiyo itakayotupa umbo. Nusu ya juu ya ubao ilitoka vipande vikubwa. Nusu ya chini tuliitoa kwa kijiko cha chuma.

Kazi ya ubao huu inafaa kuelezwa. Ngozi mbili za faiba, kila moja ya milimita 3 hivi, zimekumbatia ubao wa milimita 36. Ubao unazitenganisha ngozi hizo na kuzifanya zifanye kazi pamoja. Mashine inaposukuma, ngozi moja huvutwa na nyingine hubanwa. Ubao ukioza katikati, kila ngozi inabaki peke yake, na milimita 3 za faiba hazibebi mashine. Bolti nazo hukazwa kwenye kitu laini. Ukikaza leo, kesho zimelegea.

Mchana tulifungua sakafu kuangalia mihimili ya urefu. Siafu walikuwa wamehamia kwenye mhimili wa kushoto. Kijana aliruka boti nzima na kudondoka upande wa pili, salama. Tumeahirisha hadi siafu watakapohama.

Ijumaa

Siafu wamehama. Sponji iliyomiminwa chini ya sakafu kwa ajili ya kuelea imelowa kabisa. Kipande cha kukumbatia kwa mikono kilihitaji watu wawili. Ndiyo sababu boti hii ilikuwa inakunywa mafuta mengi kuliko wenzake: ilibeba maji kwenda na kurudi.

Mihimili ina hali bora kuliko tezi. Mbao za ndani zimeoza mwanzoni na mwishoni, lakini kasha la faiba lililozifunika ni nene na zima. Kwa mhimili, kasha ndilo linalobeba mzigo mwingi, na mbao mara nyingi huwa ni kalibu tu ya kulipa umbo. Fundi amependekeza tukate penye kuoza na kuunganisha mbao mpya kwa mshazari mrefu, kisha tujenge kasha upya juu yake. Nimekubali.

Alasiri nimekwenda Kariakoo kutafuta plaiwudi ya majini. Duka moja limeniuzia mbao mbili zenye muhuri. Hazikuenea kwenye bajaji, kirikuu kilipatikana baada ya magharibi, na njiani kikapasuka tairi.

Jumamosi

Fundi hakuamini muhuri. Amekata kipande cha ukubwa wa kiganja na kukichemsha kwa mama lishe kwenye sufuria ya akiba. Baada ya saa chache tabaka zilifunguka kama kurasa. Gundi yake si ya majini.

Nimezirudisha. Mwenye duka amekubali kuzichukua kwa bei pungufu. Duka la pili lilikuwa na plaiwudi inayofuata kiwango cha BS 1088. Ni ghali zaidi kwa kiasi cha kuumiza, lakini kipande chake kilichemka hadi maharage ya jirani yakaiva na hakikufunguka. Nimenunua ya milimita 18. Tabaka mbili zikigandishwa pamoja hutoa zile milimita 36.

Tuliwahi kufikiria mbao ya msaji. Fundi amekataa. Msaji hauozi upesi, lakini una mafuta yake ya asili na gundi hushindwa kushika.

Jumapili

Mvua. Turubai limekusanya maji katikati na kuyamwaga ndani ya boti, mahali palepale tulipokuwa tunapakausha. Tumekausha kwa matambara, kisha kwa feni ya kukodi. Umeme ulikuwepo nusu siku.

Jumatatu

Jua kali. Ganda limekauka na msasa umepita. Tumeanza gundi.

Fundi amezoea resini ya poliesta. Kwa resini hiyo hadina huwekwa kati ya asilimia 1 na 2, na fundi mzuri hupunguza jua likiwa kali. Kwa kuunganisha mbao nimechagua epoksi, maana inashika mbao kwa nguvu zaidi na hairuhusu maji kupenya kirahisi. Lakini epoksi haina mambo ya kupunguza au kuongeza: kipimo cha mtengenezaji kikibadilika, haikauki sawasawa.

Kopo la kwanza lilichanganywa vizuri, likasubiri kidogo klampu zipatikane. Likaanza kuchemka, likatoa moshi, na chini yake plastiki ikayeyuka. Fundi alilisukuma kwa ufito hadi kwenye mchanga mtupu. Epoksi ikiwa nyingi kwenye kopo hujipasha moto yenyewe. Ya kopo la pili tuliimimina kwenye sinia pana na kuipaka hapohapo.

Klampu hazikutosha. Tumekaza katikati kwa bolti ndefu kupitia matundu ya zamani ya mashine, na pembeni kwa jeki ya lori na ubao mnene. Jeki iliteleza mara moja na kuangukia ndoo ya maji ya kunywa. Ubao haukusogea.

Jumatano

Ubao umeshika. Pembe zote tumezijaza epoksi nzito iliyochanganywa na poda, tukazilainisha kwa mgongo wa kijiko. Kitambaa cha faiba hakikubali kukunjwa kwenye pembe kali. Kinanyanyuka na kuacha hewa, na penye hewa maji yatakuja. Pembe ya mviringo inakilaza vizuri.

Ngozi ya zamani tumeisaga mshazari, upana mara kumi na mbili ya unene wake, ili tabaka mpya zipande juu yake taratibu. Tabaka ya kwanza ilipolazwa, kunguru akatua. Alitembea kutoka upande wa kulia hadi kushoto, akanyofoa nywele za brashi, akaruka. Nyayo zimekauka ndani. Msasa utaziondoa.

Alhamisi

Asubuhi uso wa epoksi ulikuwa na utelezi wa mafuta. Huo hutokana na unyevu wa hewa ya usiku. Ukiupiga msasa unatapakaa, na tabaka inayofuata haishiki. Tumeuosha kwa maji na kitambaa kwanza, ndipo tukapiga msasa. Nyayo za kunguru zimeondoka. Tabaka zilizobaki zimelazwa chini ya chandarua.

Jumamosi

Matundu ya bolti. Hii ndiyo kazi niliyoisubiri, kwa sababu hapa ndipo boti ilipougulia. Aliyefunga mashine zamani alitoboa ubao na kupitisha bolti, basi. Mbao ya ndani ya tundu ilibaki wazi. Kila tone lililopita pembeni ya bolti lilinyonywa na ubao, mwaka baada ya mwaka.

Safari hii kila tundu limetobolewa pana kuliko bolti, likajazwa epoksi nzito, likaachwa likauke, kisha likatobolewa tena kwa kipimo cha bolti katikati ya epoksi hiyo. Bolti haigusi mbao. Tundu la kutolea maji limefanyiwa vivyo hivyo. Keekee ya kipimo sahihi ilivunjika kwenye tundu la mwisho, na duka la karibu lilikuwa limefungwa.

Jumatatu

Keekee imepatikana. Mashine imerudi mahali pake, bolti zimekazwa juu ya washa pana na gundi ya mpira. Fundi na kijana wameninginia wote wawili kwenye mashine, wakaitikisa. Tezi haikuitikia hata kidogo.

Bahari ilikuwa maji mafu, haikufika kwenye magogo. Tunasubiri bamvua.

Ijumaa

Bamvua imefika na boti imeelea. Imekwenda hadi kisiwa cha Mbudya na kurudi. Chini ya sakafu nimepangusa kwa mkono, pakavu. Mama lishe amegoma kupokea pesa ya mkaa wa kuchemshia plaiwudi.

Mwenye boti ya faiba anayesoma haya, masika yanakaribia. Chukua nyundo ndogo ugonge ubao wa tezi kutoka juu hadi chini. Fungua bolti moja ya chini na uangalie imetoka na nini. Ziba kila tundu ambalo mbao yake iko wazi, hata la skrubu ndogo ya taa. Ondoa majani kwenye tundu la maji, na ukiipaki boti, inyanyue omo ili mvua itoke yenyewe. Kazi hiyo inamalizika asubuhi moja, na bei yake ni kopo dogo la epoksi.