Ushuru wa Kiti cha Nyuma

Shemeji yangu ana robo ya ndege. Sisemi ana ndege, ana robo. Robo tatu zilizobaki ni za watu wengine watatu nisiowajua, na siku niliyoipanda nilijiuliza kama injini iko kwenye robo ya shemeji au ya mtu mwingine ambaye hajalipa deni lake. Ni Cessna 172, viti vinne. Ukiiegesha kando ya trekta la viazi hapa Olenguruone, trekta ndilo litakaloonekana chombo cha maana.

Alinipigia simu Jumatatu moja ya mvua. "Shemeji, Jumamosi twende Kampala tukale rolex. Jumapili jioni uko kwako." Rolex, kwa asiyefika huko, si saa ya mkononi, ni chapati iliyoviringishiwa mayai ya kukaanga, nyanya na kabeji. Nikatazama nje. Ukungu ulikuwa umelalia majani chai tangu Ijumaa, na ng'ombe alikuwa ananitazama kama aliyeletewa bili. Nikasema ndiyo kabla hajamaliza.

"Na nauli?" nikauliza, maana mimi ni mtu wa adabu.

"Nauli hakuna. Leseni yangu ni ya rubani binafsi, sheria hainiruhusu kukutoza hata senti."

Nikaipenda hiyo sheria. Ndiyo sheria pekee niliyoipenda safari nzima.

Nilidhani kuwa na ndege ni kama kuwa na pikipiki: unapiga teke, unaondoka. Ukitoka kwetu ukishika magharibi bila kupinda, ziwa haliko mbali, na ng'ambo ya ziwa ni Uganda. Nikamwambia shemeji atue uwanja wa mpira wa shule, nitakuwa nimesimama golini. Alicheka hadi simu ikakatika. Ndege inayotoka nchini lazima iondokee uwanja wenye forodha na uhamiaji, na robo yake inalala Nairobi.

Kwa hiyo, ili niende magharibi, nilianza kwa kwenda mashariki. Saa kumi alfajiri nilikuwa ndani ya matatu ya Molo nimevaa sweta mbili na kofia ya marvini, miguuni ndoo ya viazi, mapajani kibuyu cha maziwa ya mursik. Huwezi kwenda ugenini mikono mitupu eti kwa sababu umepanda ndege.

Tulipopita Njoro nilimkumbuka Beryl Markham. Huyu mama alilelewa hapo Njoro kwenye shamba la babake, akafuga farasi wa mbio, kisha akajifunza urubani. Mwezi Septemba 1936 alivuka Atlantiki peke yake kutoka Uingereza, akaangukia kwenye matope ya Nova Scotia, Kanada. Watu humsifu kwa hiyo Atlantiki. Mimi namsifu kwa Libya. Katika kitabu chake cha mwaka 1942 anasimulia jinsi yeye na rafiki yake Bror Blixen walivyokuwa wakirusha ndege ndogo kutoka Nairobi kwenda Uingereza, Waitaliano waliokuwa wakitawala Libya wakawachelewesha kwa vibali, ukaguzi na maswali. Atlantiki ilimchukua chini ya siku moja. Kumbe bahari haina afisa.

Nairobi nilifika saa tano. Uwanja wenyewe sitautaja, maana nina mpango wa kurudi humo nikiwa na nywele nyeusi bado. Nilimkuta shemeji amevaa shati jeupe lenye mistari mabegani, amekumbatia faili nene kama la kesi ya shamba. Kibali cha kuingia anga ya Uganda alikuwa amekiomba siku tatu kabla. Mpango wa safari alikuwa amewasilisha. Sasa ilibaki fomu ambayo marubani huiita jendeki. Ndani yake huandikwa ndege ni ya nani, inatoka wapi, inaenda wapi, imebeba nini, nani anaumwa, nani ni mfanyakazi na nani ni abiria. Nakala moja ya uhamiaji, moja ya forodha, moja ya afya, moja ya usalama, moja ya uwanja, na moja ambayo hakuna aliyejua ni ya nani lakini kila mtu aliiulizia.

Pale penye sahihi nikasita. Mtu wa Olenguruone hatii sahihi hivi hivi. Hapa kwetu, serikali ya kikoloni ilileta wakulima Wakikuyu kuanzia mwaka 1941, kisha ikawataka wakubali kanuni za kilimo zinazowafanya wapangaji wa serikali. Wakakataa, wakisema ardhi ni yao kwa kufidiwa ile waliyonyang'anywa. Walikaza hivyo miaka yote hiyo, wakala kiapo cha umoja, na kufikia 1950 walikuwa wamefukuzwa hadi Yatta. Nilimweleza afisa haya yote kwa utulivu. Akaniambia, "Mzee, andika tu nambari ya kitambulisho."

Na hapo nakiri jambo jema: tangu mwaka 2014 Mkenya anaingia Uganda na Rwanda kwa kitambulisho tu. Nikafurahi. Nikafikiri tumemaliza. Nikaanza kufunga zipu ya begi.

"Bado ada ya huduma kwa abiria," akasema. "Dola hamsini."

Hii ada ina sheria yake tangu mwaka 1970. Anayesafiri ndani ya nchi hulipa shilingi 600, anayetoka nje hulipa dola 50. Wewe uliyewahi kwenda Dubai uliilipa bila kujua, kwa sababu mashirika makubwa huificha ndani ya tiketi kama mfupa ndani ya samosa. Lakini ndege ya shemeji haina tiketi. Hapo mfupa unauona ukiwa uchi, umewekwa kwenye sahani peke yake.

Nikapiga hesabu ya nyumbani. Dola kwa shilingi 129, mara hamsini, ni shilingi 6,450. Lita ya maziwa kwetu ni shilingi 50. Kwa hiyo dola hamsini ni lita 129. Ng'ombe wangu hutoa lita nane kwa siku akiwa na furaha. Siku kumi na sita za ng'ombe mwenye furaha, na bado lita moja. Nauli yangu ni sufuri, ushuru wa nauli hiyo ni elfu sita mia nne na hamsini. Nilisoma hesabu hadi kidato cha nne na sijawahi kuona asilimia ya namna hiyo.

"Huduma gani?" nikamuuliza.

Akanionyesha benchi.

Kusema kweli, kulikuwa na choo pia. Lakini kinachoniuma si benchi. Ni kwamba anayekwenda London kwa zaidi ya saa nane hulipa dola 50, na mimi ninayeruka ziwa kwenda kula chapati, dola 50 hizo hizo. Na yule anayevuka Busia kwa miguu halipi hata shilingi kwa ajili ya kuitwa abiria. Busia ndiko neno boda boda lilikozaliwa, vijana wa baiskeli wakibeba watu na mizigo kutoka kituo cha mpaka huu hadi kituo cha mpaka ule. Kungekuwa na dola hamsini kwa kila anayekalia keria, lile neno lisingefika hata sokoni.

Ndipo nilipogundua kwamba wafanyakazi wa ndege hawalipi, wala mtoto wa chini ya miaka miwili. Umri ulikuwa umenipita kwa mbali, lakini kazi naweza kufanya. Nikamwambia afisa mimi ni rubani msaidizi.

"Leseni?"

"Niko katika mafunzo. Nashika ramani."

"Ramani iko kwenye simu yake."

"Basi nashika simu."

Akaniandika abiria. Malipo yenyewe hayapokewi kwa mkono. Unatoa nambari kwenye mtandao, halafu unalipa kwa nambari hiyo, halafu unaleta stakabadhi. Mtandao ulikuwa umelala. Tukakaa kwenye benchi langu la dola hamsini, nami nikaamua kulikalia vizuri.

Shemeji, kunipoza, akanisimulia ya Mara na Serengeti. Mbuga ni moja, nyasi ni moja, mstari uliochorwa katikati haumzuii hata swala. Mgeni aliyeamka Maasai Mara akitaka kulala Serengeti anaweza kuona anakokwenda. Lakini anachofanya ni hiki: ndege humpeleka Migori, anashuka, anapanda gari hadi Isebania, anagongewa muhuri, anavuka Sirari, anapelekwa Tarime, na hapo ndege nyingine ya Tanzania inamchukua kumrudisha porini. Zamani kulikuwa na njia ya gari kupitia Sand River na Bologonja, lakini Tanzania ilifunga mpaka Februari 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipokuwa ikivunjika, na magari ya watalii na ndege ndogo za Kenya zilizokutwa upande ule zikazuiliwa. Mpaka ulifunguliwa tena 1983. Ile njia ya watalii haikurudi. Nyumbu kwa maelfu huvuka pale kila mwaka, na hakuna hata mmoja anayejua Migori iko wapi.

"Na mgeni wa Ulaya anayekuja kwetu?" nikauliza.

"Viza iliondolewa Januari 2024."

"Si ni vizuri!"

"Badala yake anaomba idhini mtandaoni, dola 30."

Nikanyamaza.

Mtandao uliamka saa nane. Nikalipa. Kisha tukapita ukaguzi, na hapo kibuyu kikaingia kwenye mashine. Kijana wa usalama akaganda mbele ya kioo. Akanitazama, akatazama kibuyu. "Mzee, hii ni nini?" Nikamwambia ni maziwa yaliyolala siku kumi na kutiwa unga mweusi. Mtu akijisikia akisema maneno hayo uwanja wa ndege ndipo anajua amekosea. Kwa bahati kijana alikuwa wa Bomet. Akakifungua, akanusa, akafumba macho kidogo. "Imeiva," akasema kwa heshima zote. Halafu akasema haiwezi kupita. Viazi navyo vilihitaji cheti cha kuonyesha havina ugonjwa. Mimi mwenyewe sina cheti cha namna hiyo. Viliachwa Nairobi pamoja na mursik, na sijaelezwa vilizikwa wapi.

Kutoka mlangoni hadi kwenye ndege ni hatua kama sitini. Haturuhusiwi kuzitembea. Ilikuja gari, tukavalishwa vizibao vya kumeremeta, tukapanda, mlango ukagoma kufungwa, na kabla haujafungwa tulikuwa tumefika. Hiyo nayo ina bili yake, kando na ya kutua na ya kulaza ndege.

Tuliruka saa tisa. Nitasema ukweli: kwa dakika ishirini nilisahau kila kitu. Bonde la Ufa likafunguka chini yetu, na upande wa kulia ukatokea msitu wa Mau, mweusi, umejifunika blanketi lake la wingu. "Kwenu kule," shemeji akaninyooshea kidole. Nilikuwa nimeondoka huko saa kumi na moja zilizopita. Nikafikiria mke wangu anakamua, ng'ombe anapiga mkia, nami niko juu hapa nikipita mbele ya nyumba yangu mwenyewe kama matatu iliyokataa kusimama.

Entebbe tulitua jua likizama. Kulikuwa na jendeki nyingine, kizibao kingine na gari jingine la hatua sitini. Kulikuwa pia na afisa mpole wa afya aliyetaka kadi ya homa ya manjano, ambayo shukrani kwa Mungu nilikuwa nayo. Halafu kilomita kama arobaini za foleni hadi Kampala. Rolex niliishika mkononi saa tatu usiku. Shilingi 3,000 za Uganda, kama mia moja za kwetu. Na nani alikuwa amekaa kwenye benchi la mwuza chapati akijifuta mafuta midomoni? Jirani yangu wa Olenguruone, mfanyabiashara wa viazi. Alipanda basi Nakuru Ijumaa jioni. Alikuwa amefika asubuhi, ameuza, amelala, ameamka, na hii ilikuwa rolex yake ya tatu.

"Umekuja na nini?" akaniuliza.

Nikamwambia basi.

Jumapili tulirudi kwa njia ile ile, na Uganda nayo ina ada yake ya abiria anayetoka, nayo ni kwa dola. Sitarudia hesabu ya maziwa. Mke wangu aliirudia kwa niaba yangu kuanzia nilipoingia mlangoni hadi Jumatano.

Juzi shemeji amepiga tena. Desemba anakwenda Kilimanjaro. Anasema Watanzania ni wakarimu, ada yao ni dola 40 tu ukiwa unatoka, na safari hii anahitaji kweli mtu wa kushika ramani. Nimemwambia nitampa jibu ng'ombe akizaa. Ana mimba ya miezi sita, na hivi karibuni anakauka.