Vuli Isiyo na Mvua

Kitabu ninachofundishia Kiswahili hapa kinasema majira haya ya Oktoba yanaitwa vuli. Sikuwa na ugomvi na kitabu hadi mwanafunzi mmoja wa mwaka wa kwanza aliponyoosha mkono. "Mwalimu, wiki iliyopita ulisema vuli ni mvua. Leo ni majani. Ni mvua au ni majani?"

Nikachungulia dirishani kutafuta msaada. Nje palikuwa na jua kali lisilochoma, miti imewaka nyekundu na manjano, na kijana anapita na kaptura huku mimi nimevaa fulana mbili ndani ya sweta. Kwetu Tanga mvua za vuli zikianza, hata mti uliokatwa ukachomekwa uani kufungia kamba ya nguo huchipua. Hapa Madison, jimbo la Wisconsin, mambo ni kinyume. Nikamjibu kwamba vuli ya kwao ndiyo pale mti unapovuliwa nguo. Nilikuwa natania. Wakaandika wote. Katika jaribio la wiki iliyofuata, wanafunzi wanne walinirudishia maelezo hayo kama asili ya neno, na mmoja akachora mti uchi pembeni. Nikawapa alama. Ningefanyaje?

Nimepanga sehemu ya chini ya nyumba ya mbao, mwendo wa dakika kumi kutoka uwanja wa Camp Randall. Mkataba ulisema mpangaji ndiye atakayeshughulikia majani ya uani. Niliposoma nilicheka. Mimi mtoto wa Ngamiani, niliyekulia chini ya mwembe, kwa mama asiyeruhusu mtu kugusa chai kabla uwanja haujafagiliwa, nitishwe na majani?

Ila mwembe una adabu. Unaangusha machache leo, machache kesho, mwaka mzima, kama mtu anayelipa deni la dukani. Maple haujui hayo. (Ndio ule mti wanaoukamua utomvu, wakaupika hadi uwe shira ya kumwagia chapati zao nene.) Ulikaa kijani Septemba yote ukijifanya haunioni, ukawa mwekundu kwa siku chache, halafu usiku mmoja wa upepo ukaangusha mzigo kama mpangaji aliyepewa notisi. Nilipofungua mlango sikuiona ngazi. Niliipata kwa mguu, hatua ya pili, na magoti yakafuata.

Nikaamka kesho yake saa kumi na mbili kabla hakujapambazuka, nikafagia kama nilivyolelewa. Fagio la chelewa sina, nikatumia la jikoni. Nikausukuma mzigo wote hadi barabarani, nikasimama mikono kiunoni kwa fahari, jasho linanitoka katika baridi ya nyuzi tatu. Ng'ambo ya barabara pazia likafunguka. Bibi mmoja akatoka na kanzu ya kulalia na viatu vya mvua.

Alinieleza kwa upole, kama mtu anayemweleza mtoto kwa nini hatupigi paka. Majani yakikaa barabarani, mvua huyaloweka kama majani ya chai. Ile chai ina fosforasi. Inashuka mitaroni, inaingia Ziwa Mendota na Ziwa Monona, maana mji huu umekaa katikati ya maziwa hayo mawili, na kiangazi maji yanaota ukoga wa kijani watu wasiweze kuogelea.

"Kwa hiyo," akamaliza, "unalitilia ziwa mbolea."

Nilikuwa nimefika nchini miezi miwili tu, tayari nimechafua maziwa mawili. Nikayarudisha yote, safari hii kwa reki yake, nikayarundika kwenye ukanda wa nyasi kati ya njia ya miguu na barabara. Akasema lori la jiji litapita kuyachukua.

"Litapita lini?"

"Litapita."

Kwa mara ya kwanza tangu nishuke kwenye ndege nikajihisi niko nyumbani.

Baridi ya asubuhi ile ndiyo iliyonipeleka kununua koti. Nikaenda duka la nguo za mitumba, na pale nikaelewa kwamba nimefika kwenye chimbuko. Mabalo yote niliyoyapekua Tanga maisha yangu yote yanaanzia kwenye meza kama hizi! Yale makoti mazito ambayo kwetu hununuliwa na walinzi wa usiku na waendesha bodaboda, wanaoyavaa mbele nyuma ili yazuie upepo, hapa yananing'inia na heshima zake. Nikachagua la rangi ya chungwa, lenye mistari inayong'aa mikononi. Lilikuwa la bei ndogo kuliko yote, na ningepaswa kujiuliza kwa nini.

Jumamosi iliyofuata timu ya chuo ilikuwa na mechi. Mpira wao wa mikono, ule wa kofia ngumu, na uwanja wenyewe unachukua zaidi ya watu 75,000, ambao wote huja wamevaa nyekundu na wengi huja na magari. Hakuna aliyeniambia kwamba siku hiyo wenye nyumba za mtaani kwetu hugeuza nyua zao kuwa maegesho ya kulipia. Mimi nilikuwa nje tangu saa tatu na koti langu la chungwa, nakokota majani. Gari likapunguza mwendo. Kwetu mtu akipunguza mwendo mbele ya nyumba yako unamsalimu, kwa hiyo nikampungia mkono. Mkono wenyewe ulikuwa umeshika reki. Gari likaingia uani.

Dereva akateremsha kioo. "Ngapi?"

Nikajua anaulizia ndoo za majani nilizokwisha kumwaga. Binadamu mwenzangu, kaona kazi yangu, kaithamini. "Ishirini mpaka sasa," nikamwambia.

Akanipa noti ya dola ishirini, akafunga mlango, akaondoka na mkewe na kiti cha kukunja.

Nilitaka kumkimbilia. Naapa nilitaka. Lakini nyuma yake lilikuwa limeshaingia la pili, na la tatu limewasha taa ya kukata kona, na mtu aliyevaa koti kama lile hawezi kusimama bila kuonyesha magari pa kwenda. Walipotimia wanne nilikuwa napiga filimbi kwa midomo. Chini ya matairi yao majani ya asubuhi nzima yalikuwa yameshakuwa uji.

Gari la tano lilikuwa la mwenye nyumba. Amekuja na wanawe watatu, uso umechorwa mstari mwekundu kila shavu, kuegesha kwenye uwanja wake mwenyewe kama afanyavyo kila mwaka. Akatazama magari. Akatazama koti. Akakaa kimya kwa muda ambao sitausahau, kisha akavuka barabara akaegesha kwa yule bibi, kwa dola thelathini. Bibi hana undugu siku ya mechi. Hizo thelathini nilimrudishia mwenye nyumba jioni bila kuombwa, nikabaki na hamsini na kazi ya kukwangua uji.

Yote hayo nilimhadithia Mama kwenye simu. Humpigia kila Jumapili saa tano asubuhi ya hapa, ambayo kwake ni saa moja usiku. Jumapili ya kwanza ya Novemba akapokea kwa ukali.

"Shikamoo Mama."

"Marahaba. Nimekaa na simu mkononi tangu saa moja. Sasa taarifa ya habari imeanza."

"Sijachelewa, Mama. Wamerudisha saa nyuma."

"Nani?"

"Serikali."

"Na jua limekubali?"

Nikamweleza kwamba hapa jua halina msimamo kama la kwetu. Kiangazi linachelewa kulala, na sasa linazama kabla ya saa kumi na moja jioni, kwa hiyo watu wanasogeza mishale ya saa kulifuata. Saa moja iliyochukuliwa mwezi wa Machi imerudishwa leo.

"Walikopa Machi, wamelipa leo?"

"Ndiyo."

"Bila riba?"

"Bila riba."

"Hapo sawa." Akanyamaza kidogo. "Ngurumo gani hiyo, uko mashine ya kusaga?"

"Ni wanafunzi wa nyumba ya pili. Wana mashine ya kupuliza majani."

"Wanayapuliza yaende wapi?"

Nikachungulia dirishani. "Kwangu."

Nikasikia sauti ya televisheni ikipunguzwa.

"Na wewe una nini?"

"Nina reki. Ya kuazima."

"Si una hela za maegesho?" akasema Mama. "Nunua mashine."