Jinsi ya Kupata Haki Ukitokea Nakivale

Kwanza, chagua babu. Kwa Katiba ya Uganda ya 1995, kifungu cha 10, raia wa kuzaliwa ni yule ambaye mzazi au babu yake ni wa kabila lililokuwa likiishi ndani ya mipaka ya nchi tarehe 1 Februari 1926. Orodha ya makabila imo mwishoni mwa Katiba, jitafute. Kuzaliwa Nakivale hakukusaidii. Kambi hii ipo tangu mwishoni mwa miaka ya 1950, na wapo waliozaliwa humo wakazaa humo humo, wote wakimbizi. Kifungu cha 12 huwaruhusu baadhi ya waliozaliwa nchini kujiandikisha, ila kinamruka ambaye mzazi au babu yake alikuwa mkimbizi. Angalizo: kosa la babu halikatiwi rufaa.

Pili, chagua vizuri nchi ya kuikimbia. Mkongomani kwa kawaida hupokelewa pamoja na wenzake bila maswali mengi. Mnyarwanda huketi mbele ya kamati, ajieleze peke yake. Sheria ya Wakimbizi ya 2006 imeipa kamati hiyo siku 90 za kuamua. Wewe usizihesabu, utaumwa kichwa bure. Uwe na subira kama ya Wanyarwanda wa Nakivale na wa kambi ya Kyaka, walioitwa Julai 2010, wengine wakiambiwa kuna chakula, wengine kuna majibu ya maombi yao. Wakakuta polisi wenye bunduki. Watu wapatao 1,700 walipakiwa kwenye malori na kurudishwa Rwanda. Wawili waliruka njiani, wakafa. Basi ukiitwa kuchukua majibu, chungulia kwanza kama kuna lori.

Tatu, jifunze kufuga hasira. Ng'ombe wa mwenyeji wakiingia kwenye mahindi yako, waache washibe. Ukiwaswaga hadi kwako ili mwenyewe aje mzungumze fidia, utakuwa mwizi wa ng'ombe, na polisi watafika siku hiyo hiyo. Kituoni utaona tangazo ukutani: bondi ni bure. Ni kweli, bondi ni bure. Utakachoombwa ni mafuta ya pikipiki.

Nne, nenda mahakamani Mbarara. Nauli ni yako, kwenda na kurudi, hata kesi ikiahirishwa, na itaahirishwa. Polisi walikuhoji kwa Kinyankore, mahakama inasema Kiingereza, wewe una Kiswahili cha Bukavu. Usihofu: kifungu cha 28 cha Katiba kinakupa mkalimani bila malipo. Siku akipatikana, jieleze taratibu: mahindi yalikuwa yamefika wapi, ng'ombe waliingilia upande gani, ulimtuma nani akamwite mwenyewe. Yeye atamgeukia hakimu na kusema, "Anakiri alikuwa nao." Usimkatize. Kelele mahakamani ni kosa jingine, na hilo halihitaji mkalimani.